Siku Bila Ajali

Tangu mashine ya kugonga bati imnyofoe vidole viwili vya mkono wa kulia, gari la kiwanda lilikuwa likimfuata Obdulia mlangoni kila asubuhi. Majirani zake pale mjini Matamoros walimwonea kijicho. Usafiri wa bure, jamani! Wangejua. Alishushwa getini, akaketishwa kwenye kiti cha plastiki karibu na choo, mkono umefungwa bendeji nene kama mkate, na hapo alishinda akimeza dawa za maumivu. Kazi yake ilikuwa kuwepo tu. Maadamu yupo kiwandani, hakuna aliyekosa kufika kazini. Na maadamu hakuna aliyekosa kufika kazini, eti hakukuwa na ajali. Ndivyo meneja, Injinia Treviño, alivyojaza ule ubao mkubwa uani wenye idadi ya siku bila ajali. Mtu huyo hakuwa na haya hata chembe.

"Vumilia, mama," alimwambia. "Mshahara si unaupata wote? Ukienda bima watakuzungusha weee mpaka ujute."

Na bima ndiyo hasa aliyoitaka. Ajali isipoandikwa kuwa ya kazini, basi kwa bima vidole vyake vilikatikia nyumbani, labda akimenya vitunguu. Siku watakapomchoka pale kwenye kiti angetupwa nje bila senti, na mkono ule haukuweza tena hata kukanda unga wa mahindi.

Tena kosa halikuwa lake! Mashine ile ina vitufe viwili, ubonyeze kwa mikono yote miwili, ili chuma kinaposhuka usiwe na mkono chini yake. Treviño mwenyewe ndiye aliyeamuru kitufe kimoja kitiwe kabari, kazi iende mbio.

Chelo, shoga yake wa mashine ya pili, alimjia mapema Jumamosi. "Dada we, tulia leo. Nyama choma hiyo ya kutimiza mwaka bila ajali tumeisubiri mno. Ukifungua mdomo, ubao unarudi sifuri, sisi tunabaki kulamba vidole."

"Afadhali nyinyi mnavyo vya kulamba," Obdulia akamjibu.

Chelo akaenda zake.

Mchana moshi ulitanda uani, kinanda kinalia, watu wanasukumana na sahani zao. Treviño akashika kipaza sauti. "Apigiwe makofi mama yetu Obdulia! Hakukosa kazini hata siku moja. Njoo, mama, wewe ndiye wa kwanza kula." Akamkabidhi sahani ya nyama, na kisu juu yake.

Obdulia akaitazama ile nyama. Hasira ikampanda mpaka masikio yakavuma.

"Nikate kwa mkono upi, Injinia?"

Wawili watatu wakacheka. Akaiweka sahani chini, akaanza kufungua bendeji, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka kila mtu akaona. Halafu akaenda kwenye ubao, akafuta tarakimu zote kwa kiganja cha kushoto.

"Ebo! Una wazimu?" Treviño akafoka. "Umefukuzwa! Toka!"

"Sawa. Niandikie."

"Nikuandikie nini?"

"Kwamba umenifukuza kwa sababu nimesema mashine yako imenikata vidole. Utie na sahihi. Bima watanielewa vizuri."

Treviño akampa mgongo. Akawageukia wengine. "Mmeona? Kwa ajili ya huyu mmoja, hakuna atakayekula leo! Zimeni moto!"

Watu wakatazamana. Obdulia alimwona Chelo akija mbele na sahani yake imejaa, akadhani anakuja kumkemea, maana Chelo aliipenda nyama kuliko kitu chochote. Chelo akaitua sahani mezani mbele ya meneja.

"Sisi tumeshashiba," akasema. "Mwandikie."

"Mwandikie!" akadakia mwingine kutoka nyuma, kisha wengine, na sahani zikaanza kurundikana juu ya meza. Treviño alitafuta mtu wa kumtisha akamkosa. Nyama ilikuwa inaungua motoni, na hakuna aliyekwenda kuigeuza.