Jaribio la Mwano

Itangazwe kwa wakazi wote wa Didia, wakubwa kwa wadogo, ya kwamba katika mwaka huu wa 1984 kijiji kimebahatika kumpokea Leodgar Maduhu, msomi wa uhandisi wa Chuo Kikuu, bingwa wa mitandao ya kompyuta na itifaki zake zote, aliyeteremka stesheni ya Shinyanga kwa manufaa ya taifa. Bingwa huyo alikuwa na miaka ishirini na miwili. Kompyuta aliiona mara moja tu, kupitia kioo cha mlango, ikiwa imefunikwa shuka. Na mama yake, Anisia, alimpokea kwa gunia la kuchumia pamba.

Alikuja na kazi ya likizo. Mhadhiri wao alikuwa amewaambia kwamba mtandao si lazima uwe na nyaya. Popote watu wanapopelekeana habari kwa mbali pana itifaki, yaani taratibu za namna ujumbe unavyoanza, anayeupokea anavyojibu, na mahali unapokomea. Kila mwanafunzi atafute mtandao wake, auchunguze. Wenzake wa Dar es Salaam walikimbilia simu za reli. Leodgar, ambaye akiwa shule ya bweni aliwahi kugonga kengele ya moto ili tu aone mkuu wa shule analala amevaa nini, alichagua mwano.

Mwano ni yowe la kuibiwa ng'ombe. Anayelisikia huacha alichoshika, akalirudia kwa maneno yaleyale, akachukua upinde na kukimbilia kule linakoelekeza. Asiyelirudia hutengwa: haombwi wala hapewi moto, hachotewi maji, na akifiwa anazika peke yake. Miaka hiyo wizi ulikuwa umewachosha watu, na kati ya wezi waliokamatwa ni wachache tu waliofika kituo cha polisi wakiwa hai.

Alimweleza dada yake Mbuke haya yote kitaalamu, wakiwa shambani. Kila kijiji ni kituo, na kila kituo hurusha ujumbe kwa majirani wote bila kuchagua. Swali la kisayansi lilikuwa hili: je, ujumbe hufika kama ulivyotumwa? Mbuke aliendelea kuchuma pamba.

"Ukichezea mwano, kaka," alisema, "usinitaje mimi."

Kesho yake mchana Leodgar alipanda kwenye majabali nyuma ya kijiji, akajifunga shati mdomoni ili sauti isijulikane, akapiga mwano. Wezi wawili, ng'ombe watatu, wameshika njia ya Kahama. Alikuwa amepanga vizuri. Watu wangekimbia, wangekosa kitu, wangerudi wakitukana, naye jioni angewauliza kwa upole kila mmoja alisikia nini.

Didia ikaitikia. Kijiji cha pili kikaitikia, kisha cha tatu, kisha sauti nyembamba ng'ambo ya mbuga, ikizidi kwenda kama kitu chenye miguu yake. Leodgar alitabasamu. Tabasamu lilikuwepo bado alipoteremka na kumkuta Mbuke chini ya jabali, amekimbia mpaka kilemba kimemtoka.

"Mjomba Makoye yuko njia hiyo," alisema.

"Njia gani?"

"Ya Kahama. Ametoka alfajiri na ng'ombe wa mahari ya mwanawe Donatus. Ulikuwa umelala, msomi."

Alirudi juu mbio. Safari hii hakujifunga shati. Akapiga kelele kwamba hakuna wizi, watu warudi. Mbuga ikanyamaza, na kwa muda mfupi alidhani wamemsikia. Walikuwa wamemsikia kweli. Lakini kila mtu alijua kwamba wezi huacha mwenzao nyuma ili awarudishe wafuatiliaji. Kutoka kilima cha jirani likatoka jibu: wezi wana mtu huku nyuma, kazeni mwendo.

Kisha mwano ukarudi. Ulitokea kaskazini, upande ambao hakuutuma. Wezi sasa walikuwa wanne, wana bunduki, wamemchoma mtoto kisu. Leodgar alisimama akiusikiliza uongo wake ukimfikia kama habari mpya. Darasani walifundishwa jambo hili: ujumbe usiowekewa kikomo cha kupokezwa huzunguka bila kuchoka, na kila mzunguko huuzidisha. Katika mtihani alilijibu vizuri sana.

Hakuwa na la kufanya ila kukimbia na wanaume wengine. Kiongozi wao, Valerian, mzee mrefu asiyependa maneno, aliitikia shikamoo yake, akampa rungu, akamwambia abaki kwenye mstari.

Walimkuta Makoye kwenye mto mkavu, jua likielekea kuzama. Watu wa vijiji vya mbele, wasiomjua, walikuwa wamemfunga mikono kwa kamba ya ng'ombe wake mwenyewe na kumlaza mchangani. Jicho moja lilikuwa limefumba. Kibali chake cha kusafirisha mifugo kilikuwa karibu naye, kimekanyagwa. Mwano ukilia hakuna anayesoma. Ng'ombe walisimama pembeni wakicheua.

"Leodgar, baba," alisema Makoye. "Waambie."

Leodgar akasema huyu ni mjomba wake na ng'ombe ni wa mahari. Watu wa Didia waliomjua Makoye wakaanza kuunga mkono, lakini mmoja wa wale wa mbele akacheka kidogo. Kila wanayemkamata, alisema, huwa ana mpwa. Valerian akauliza ni nani aliyeibiwa, aje awatazame ng'ombe wake. Hakujitokeza mtu. Wengine wakanong'ona kwamba labda mwenye ng'ombe ameuawa njiani, na marungu yaliyokuwa yameshushwa yakainuliwa tena.

"Ni mjomba wangu," Leodgar alirudia, kwa nguvu zaidi.

Hapo mtu wa kile kilima cha jirani akageuka, akamtazama.

"Sema tena," alisema.

Leodgar akarudi nyuma hatua moja.

"Sauti hiyo ndiyo iliyotuambia turudi. Huyu ndiye mtu wao wa nyuma."

Mstari ukafunguka, akabaki peke yake katikati. Aliangalia rungu mkononi mwake, akaliweka chini. Alikumbuka maneno mengi mazuri ya kitaalamu, akayaacha yote.

"Ndiyo, ni mimi," alisema. "Na mwano wenyewe ni mimi niliyeupiga. Hakuna aliyeibiwa. Mjomba hajui chochote."

Valerian alimuuliza ni nani aliyemtuma.

"Hakuna, baba. Nilikuwa najaribu. Nilitaka kuona unafika wapi."

Valerian akainama, akamfungua Makoye mikono, polepole, fundo kwa fundo. Alipomaliza alisimama, akamgeukia Leodgar, na kamba hakuitupa.