Milioni ya Baba Hilari

Mume wangu Melkior hajakanyaga sokoni tangu mwaka ule tulipoezeka nyumba bati, na msidhani ni ugonjwa. Ni hasira. Kila nilipomtuma alirudi amegombana na mtu. "Sukari wamepandisha tena! Wezi wakubwa!" Nikamwambia basi, Baba Hilari, wewe kaa na mpunga wako, soko niachie mimi. Hapa kijijini Mamba watu wote wanajua: Pelagia ndiye anayeuza mpunga, ndiye anayenunua chumvi, ndiye anayebishana na watu wa malori. Yeye analima. Na kulima analima kweli, siwezi kumsingizia.

Ila bei zake zilibaki palepale alipoziacha. Kichwani mwake soda ni mia mbili na ng'ombe ni elfu hamsini. Mwanzoni nilikuwa namsahihisha, nikachoka, maana kila bei mpya ilikuwa ugomvi mpya. Siku hizi akiuliza sabuni shilingi ngapi, namjibu, "Bei ya kawaida tu," naye anakunywa chai yake kwa amani. Tukikosana, ananikumbusha mahari yangu. "Elfu thelathini nzima nilitoa kwa ajili yako, mwanamke wewe!" Anaitamka kama vile alinunua nusu ya Mpanda.

Sasa, tuna binti yetu wa mwisho, Tereza. Mwaka juzi alikuja kijana wa Kisukuma, Nyanda, kutulimia shamba kwa plau ya ng'ombe. Baba yake, mzee Nashon, alihamia huku na mifugo yake zamani, wanakaa pembeni ya kijiji. Melkior aliisifia ile kazi mpaka tukachoka kusikia. Lakini kijana alipotuma salamu kwamba anamtaka Tereza, na kwamba yuko tayari kusoma mafundisho afunge ndoa kanisani, mume wangu alinuna. Alishafukuza wachumba wawili. Mimi namjua: nyumba ikibaki bila Tereza, ataongea na nani asubuhi? Ila kusema hivyo, ng'o, hasemi.

Tereza akanifuata jikoni. "Mama, baba akimkataa na huyu, mimi naondoka naye. Bila mahari, bila kanisa." Mtoto wangu atoroshwe kama mbuzi, padri atasoma jina la nani kwenye matangazo ya ndoa?

Asubuhi ya siku ambayo wazee wa Nyanda walikuwa waje kuposa, Melkior alikuwa anafunga kamba za viatu, anacheka peke yake.

"Leo naongea mwenyewe, simwachii ndugu yangu Maiko. Nitawatajia mahari ya milioni."

"Milioni?"

"Taslimu! Sitaki kuona hata mkia wa ng'ombe hapa. Waende wakauze ng'ombe ishirini. Msukuma auze ng'ombe ishirini kwa mkupuo? Thubutu! Wataondoka wenyewe, na hakuna atakayesema nimekataa."

Niliugeukia moto haraka. Nilikuwa nimeuma ncha ya kanga nisicheke. "Sawa, Baba Hilari," nikamwambia, "na usipunguze hata senti. Wasikuonee."

Wageni walikuja, mzee Nashon, Nyanda, na mshenga wao Sylvanus, wamepakiana kwenye pikipiki ya Nyanda. Wali ukaliwa, habari zikaulizwa, hatimaye mume wangu akakohoa na kuitaja milioni yake. Taslimu, haipungui, na asiyeweza mlango uko wazi.

Sylvanus akauliza kwa adabu, "Mzee wetu, hiyo ni ya kishika uchumba?"

"Ni yote!" Melkior akapiga meza. "Mmeshtuka, eh?"

Shemeji yangu Maiko, ambaye sokoni anaenda, aliachama. Akataka kusema. Nikamwekea paja la kuku kwenye sahani. "Kula, shemeji, nyama inapoa." Nikamkazia macho mpaka akafunga mdomo.

Wageni wakaomba watoke nje wakashauriane. Melkior akaninong'oneza, "Umeona? Wanatafuta njia ya kukimbia." Waliporudi, mzee Nashon alikaa taratibu, uso umemkunjamana.

"Mzee mwenzangu, samahani. Milioni hatuwezi."

Mume wangu akatabasamu mpaka magego. Huko jikoni nikasikia sufuria imeanguka, nikajua Tereza amesikia.

"Hatuwezi," akaendelea Nashon, "kwa sababu hiyo ni bei ya ng'ombe mmoja. Mwanangu akioa kwa ng'ombe mmoja, ndugu zangu watasema binti tumemwokota, au ana kasoro. Sisi tulijiandaa kwa ng'ombe kumi na wanne. Tafadhali, mzee, pandisha."

Weee! Mume wangu alinigeukia polepole.

"Mama Hilari. Ng'ombe siku hizi bei gani?"

"Bei ya kawaida tu," nikasema. "Milioni. Aliyenona anazidi."

Maji yakimwagika hayazoleki. Kukataa hawezi, ameshataja bei mbele ya watu. Kupandisha hataki, alisema ni milioni na neno lake ni neno lake. Basi ukatokea mjadala ambao kijiji kinausimulia mpaka leo: mwenye kijana anabembeleza aongeze, mwenye binti anagoma kuongezewa! Sylvanus ndiye aliyetuokoa. Milioni ibaki mahari kama baba alivyotamka, na ng'ombe kumi na watatu wawe shukrani kwa mama aliyemlea. Mimi nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Wageni walipoondoka, Melkior alikaa peke yake kwenye benchi la nje. Nikamwonea huruma, nikakaa naye.

"Mama Hilari, elfu thelathini yangu leo inanunua nini?"

Ningeweza kumdanganya. "Sukari. Kilo kumi."

Alishika kichwa. "Niliuza baiskeli, Pelagia. Niliuza na mpunga wote."

"Najua. Si nilikukuta huna kitu, tukala viazi mwaka mzima?"

"Kilo kumi," akasema tena, na sauti yake ilinichoma. Tangu siku hiyo hajaitaja ile elfu thelathini, na sikutegemea kwamba nitatamani kuisikia tena.

Wiki iliyofuata Nyanda alileta milioni, amefuatana na Sylvanus, miguu imejaa vumbi hadi magotini. Melkior aliipokea bila kuitazama.

"Pikipiki yako iko wapi, wewe? Mnakuja kwa miguu kama mahujaji."

"Nimeiuza, baba. Ng'ombe ni wa mzee wangu, hao atawatoa yeye. Ulipotaka taslimu, nikaona hii niitafute mwenyewe."

Mume wangu alimtazama yule kijana, akayatazama na yale magoti yenye vumbi. Kisha akasogea kwenye benchi, akapangusa nafasi kwa kiganja.

"Kaa hapa. Tereza! Mletee mwenzio chai," akaita, "na usimbanie sukari."