Nusu ya Kamba ya Jumanne

Kwa miaka mitatu mpiga pasi alianika nguo chumbani. Mashuka yalining'inia juu ya kitanda cha mama mkwe wake, yakipumua kila upepo ulipopenya dirishani. Mama mkwe alisema akilala huota anatembea chini ya ziwa, na samaki wamevaa mashati. Walicheka. Kisha kifua kikaanza kumbana, ukuta ukaota ukungu mweusi, na daktari akasema maneno machache: nguo mbichi zitoke chumbani, la sivyo dawa ni kazi bure.

Juu ya paa kulikuwa na kamba sita. Kwenye mlango wa paa ilibandikwa karatasi yenye siku za wiki na namba za milango ya jengo zima. Ila kumi na moja, namba ya mlango wao, haikuwemo. Mpiga pasi alikuwa ameisoma mara nyingi, kisha akashuka na beseni lake kimya kimya. Nchini kwao mgeni haingii kwenye zamu za watu mpaka aitwe. Anayejipachika huitwa kimbelembele.

Kazini, katika mvuke ambamo watu huonekana nusunusu kama waliofutwa kwa kifutio, alimweleza fundi wa mashine, mwenyeji wa mji ule.

"Dada, nani akuite? Ile ni karatasi, si harusi."

"Nijiandike tu?"

"Jiandike. Wakikufuta, andika tena."

Jioni aligonga kwa mjane wa ghorofa ya chini, mwenye ufunguo wa paa.

"Mama, naomba siku ya kuanika."

Mjane alimtazama. "Penseli imefungwa pale kwenye karatasi kwa uzi miaka yote. Sisi tukasema huyu anaringa, hataki kuchanganyika nasi."

"Nilikuwa nangoja mniambie."

"Na sisi tunangoja uandike!" Mjane akashusha sauti. "Wengine walifurahi kungoja, sikufichi. Jumanne kamba ya mwisho ina nusu iliyo wazi. Nusu nyingine ni ya dereva mstaafu. Ana mdomo yule."

Mpiga pasi akapanda hadi mlango wa paa, akaandika namba yake.

Jumanne mashuka yalijaa upepo. Mji ukatoweka nyuma ya weupe wake, na kwa kitambo alihisi paa limebanduka kutoka kwenye jengo na linaelea taratibu, naye akiwa abiria wake wa pekee. Ndipo aliposikia kikohozi.

Dereva mstaafu alisimama na beseni, akaitazama kamba. Alirudi mlangoni, akavaa miwani, akaisoma karatasi kwa kidole, siku baada ya siku. Mpiga pasi alibana kibanio kiganjani. Penseli iliyomwandika ilikuwa na kifutio upande wa pili.

Mzee akarudi.

"Kumi na moja ni wewe?"

"Ni mimi, baba."

"Basi sogeza shuka lako. Litanimwagia maji kwenye suruali. Yule wa mlango wa tisa nimemwambia mpaka nimechoka, hasikii!"

Akalisogeza shibiri moja.

"Bado."

Akasogeza nyingine.

Aliposhuka, mama mkwe alikuwa ameketi kitandani, dirisha wazi, chumba kikavu na kikubwa kuliko walivyokizoea.

"Nani anafoka huko juu?"

"Jirani."

"Anakufokea wewe?"

"Mimi na wa mlango wa tisa," alisema, na hakuweza kuficha furaha yake.