Gunia Moja, Vyungu Vitano

Kiwanda cha sare kilipofungwa, Sindano alirudi nyumbani na mkasi wake, kiti chake cha mbao, na jina la utani ambalo wenzake wa mashine walimpa kwa sababu mbili: mkono wake ulikuwa mwepesi, na mwili wake haukuwa na pa kushikika. Mumewe alikwishaondoka kutafuta kibarua mbali, na alichokuwa amepata mpaka sasa ni salamu za kutuma, basi. Nyumba ikabaki na Sindano, binti zake wawili, na wifi yake, dada wa mume, aliyekuwa akisuka watu nywele barazani. Wateja wa kusuka siku hizo walionekana kama mvua ya kiangazi.

Pesa ya kula ya wiki aliishika Wifi, kwenye fundo la pindo la kitambaa chake.

"Hili si fundo," alipenda kusema akilibonyeza. "Hiki ni kipele."

Waliishi kwa kuungaunga. Asubuhi chai ya rangi, mchana mnajua wenyewe, jioni kopo moja la maharage kutoka duka la kona. Jioni moja Sindano alimkuta mwenye duka amefungua gunia jipya na anapima maharage kwa kopo, anayamimina kwenye ndoo ya kuuzia. Akasimama kumtazama. Kopo likaenda, likarudi. Likaenda, likarudi. Ndoo ya kwanza ikajaa, ya pili ikajaa, na gunia bado limekaa wima kama mtu aliyeshiba. Sindano, aliyezoea kukadiria kitambaa kwa macho, akapiga hesabu kichwani, kisha akairudia kwa vidole. Kwa pesa inayolipiwa makopo ya gunia moja, mtu angeweza kununua gunia zima kwenye ghala la jumla, kwa bei aliyoisikia mtaani, na karibu nusu ya lingine!

Alikimbia mpaka nyumbani, kopo la maharage kifuani.

"Wifi! Tunaibiwa!"

Wifi akaruka kitini. "Na nani? Humu kuna nini cha kuibwa?"

"Na kopo!"

Akamweleza, maneno yakikanyagana. Kule kwenye magenge na vyumba vya jirani walikuwepo wanawake wanne waliopoteza kazi pamoja naye kiwandani, na kila mmoja alinunua kopo lake jioni kama wao. Wakichanga pesa ya wiki, watano kwa pamoja, gunia ni lao.

"Haba na haba hujaza kibaba," alisema Wifi. "Wewe kibaba hujakiona, unataka kurukia gunia. Pesa ya wiki nzima tumpe mtu tusiyemjua? Ikipotea tutakula nini, majuto?"

"Wifi yangu, kwa kopo tunapoteza tayari. Tunapoteza polepole, ndiyo maana hatupigi kelele."

Wifi akalibonyeza fundo lake. Akatazama dari, akatazama watoto waliokuwa wakichambua maharage moja moja ili yaonekane mengi. Kisha akaanza kulifungua fundo kwa meno.

"Lakini tunakwenda sote wawili. Pesa yangu haisafiri peke yake."

Kesho yake asubuhi Sindano alipita mlango kwa mlango. Watatu walitoa bila maneno mengi. Wa nne, Mama Pacha, alitoa noti yake lakini hakuiachia, akaishika ncha moja huku Sindano ameshika ya pili.

"Nikilala na njaa mimi, sawa. Wanangu je?"

"Nitakuletea maharage, na nikishindwa nitakuletea chungu changu mwenyewe, ukipike."

Mama Pacha akacheka, na alipocheka vidole vikalegea.

Ghalani walimkuta mwenye mali, bwana mnene mwenye kalamu sikioni, amesimama katikati ya vurugu la wapagazi.

"Siuzi gunia moja moja," alisema hata kabla hawajamaliza kumwamkia. "Matano kwenda juu."

"Sisi ni watano," Wifi akadakia. "Hesabu wanawake, usihesabu magunia."

Bwana akacheka mpaka tumbo likatikisika, lakini akatikisa na kichwa. Tena, akasema, bei imepanda tangu juzi. Akaitaja. Sindano akahesabu noti upya: hata kama angekubali kuwauzia moja, pesa haikutosha.

Akageuka pembeni asije akaonekana analia, na hapo ndipo alipoyaona. Kwenye kona kulikuwa na rundo la magunia yaliyochanika, matumbo nje, maharage yametapakaa sakafuni na wapagazi wanayakanyaga.

"Na haya?"

"Yalinaswa na msumari kwenye lori, msiniongezee uchungu. Mshonaji wangu hajaonekana, na mteja analeta gari lake saa nne. Atayakataa yote."

"Shazia la kushonea magunia unalo?"

Bwana akamtazama kuanzia kichwani hadi kandambili. "Shazia lipo. Na kamba ya katani ipo."

"Nikiyashona yote kabla ya gari kufika?"

"Gunia moja kwa bei ya juzi."

"Lililojaa mpaka shingoni," Wifi akamalizia, "na chaguo ni letu."

Basi Sindano akajifunga kibwebwe. Tangu mashine zilipozimwa kiwandani mikono yake ilikuwa imelala, na sasa iliamka kwa furaha iliyomshangaza mwenyewe. Wifi alibana midomo ya gunia, Sindano akachoma, akavuta, akakaza, akahamia lingine. Shazia lilikuwa nene kama kidole cha mtoto, na katani ilimkata viganja, lakini hakusikia maumivu. Wapagazi wakaacha kazi wakaanza kumhesabia kwa sauti. Kila gunia likisimama, shangwe! Honi ikalia getini likiwa limebaki moja.

"Mama weee, limefika!" Wifi akapiga ukelele.

"Bana hapo, usiangalie mlangoni!"

Gari lilipokuwa likirudi nyuma kuingia, Sindano akakata kamba kwa meno. Mwenye ghala akamwambia mpagazi ainue gunia moja begani na kulibwaga sakafuni kwa makusudi. Likagonga pu! na mshono haukufunguka hata tundu.

"Wewe mama ulikuwa wapi siku zote?"

"Kiwandani, mpaka waliponiambia sihitajiki."

"Mimi nakuhitaji. Kila siku ya lori, njoo. Nitakulipa kwa pesa au kwa nafaka, utakavyo."

Sindano alitaka kujibu kwa adabu, lakini kilichotoka ni kicheko, na Wifi akamkanyaga mguu ili aseme ndiyo kabla mtu hajabadili mawazo.

Gunia lilipakiwa kwenye mkokoteni wa jamaa mmoja aliyeitwa Breki, wakakubaliana atalipwa kwa makopo ya maharage. Safari ilikwenda vizuri mpaka kwenye mteremko. Hapo mkokoteni ukaanza kumsukuma mwenye kuusukuma.

"Shika breki!" Wifi akapiga kelele.

"Breki ni mimi!" jamaa akajibu, visigino vikichora barabara.

Mkokoteni ukamponyoka. Wanawake wawili nyuma wanakimbia, kandambili mkononi, muuza ndizi anahamisha sinia lake, watu wanapisha na kushangilia kana kwamba ni mashindano. Mwisho wake ulikuwa rundo la mchanga wa mafundi ujenzi. Gurudumu likazama, gunia likaruka juu, likapinduka, likatua katikati ya njia.

Wifi akawa wa kwanza kufika. Akaliangukia, akalipapasa pande zote kama mama aliyeokota mtoto aliyeanguka.

"Li hai!" akalia. "Jamani, li hai!"

Uani wanawake walikuwa wamepanga mabeseni matano. Kopo lilizunguka, beseni hadi beseni, na kila lilipozunguka tena Mama Pacha alisema, "Bado yapo?" Sauti yake ikazidi kupanda, mpaka mwisho akakaa chini na kuficha uso ndani ya kitenge. Breki alipewa makopo yake na moja la ziada kwa ajili ya visigino. Maharage yaliyobaki ndani ya gunia wakampelekea bibi wa chumba cha mwisho, ambaye hakuwa na cha kuchanga.

Mchana ule, ambao kwa kawaida haukuwa na jina, sufuria ilichemka mpaka kifuniko kikacheza. Binti mdogo alimaliza sahani yake, akaikwangua, akamtazama mama kwa woga.

"Naweza kuongeza?"

"Ongeza," alisema Sindano. "Ongeza mpaka useme basi."

Mtoto akamtazama shangazi yake, kuhakikisha kama ni kweli.

"Unaniangalia nini, mkwe wa watu? Sogeza sahani!" Wifi alikuwa tayari na upawa hewani. Lakini akili yake haikuwa pale. Alikuwa ameshafika wiki ijayo, anagawa mchele, anapima sukari, anamgombeza mwenye ghala. "Mafuta ya kula nayo huuzwa kwa dumu, wifi. Umewahi kufikiria dumu? Tukiwa kumi..."

Mlango ukagongwa. Alisimama mama wa mtaa wa pili, ambaye hawakumjua hata kwa sura, noti ameikunja ndogo kiganjani.

"Samahani jamani, ni hapa panapochangiwa gunia?"

Sindano na wifi yake wakatazamana, wakaangua kicheko kwa pamoja.

"Ni hapa, dada," alisema Sindano, akimvutia kiti. "Karibu kwanza ule."