Ukuta Uliokuwa Umenyooka

Fundi mwashi huyu hakuwa mvivu, tusimsingizie. Mkono wake ulikuwa mwepesi, tena wa uhakika. Tatizo ni kwamba wepesi wenyewe haukuwahi kumlisha. Kila alipomaliza kazi ya watu upesi, mwenye nyumba alimsifia weee, kisha yeye akarudi kwake kukodolea macho simu isiyoita. Mkataba hana, mshahara wa mwezi anausikia kwa wenzake. Alilipwa kwa siku, na kazi ikiisha, riziki nayo imekatika. Basi taratibu akajifunza kuvuta kazi. Mchanga anauchekecha mara mbili, mwiko anautafuta huku ameushika. Vibarua wenzake walifanya hivyohivyo, na kwa matajiri alifanya akalala usingizi mnono.

Safari hii mwenye nyumba alikuwa mdogo wake wa kike.

Mjane yule, anafua nguo za watu mpaka viganja vinachubuka. Chumba alichopanga na wanawe kilitakiwa na mwenyewe mwisho wa mwezi, naye hakutaka makubwa: vyumba viwili na bati juu, basi. Mabati alishanunua, akayahifadhi kwa jirani. Na kaka mtu, bila haya, akavuta kazi. Hakumchukia mdogo wake hata kidogo. Ni kwamba hakuna pengine alipoahidiwa kibarua, na kwake nako watoto wanataka kula.

Jioni moja akapitiliza. Mstari wa mwisho wa tofali kabla ya lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango, ulikuwa umekaa sawasawa, hauna dosari. Akateremsha timazi, uzi ukasimama wima, naye akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya.

"Umepinda," akasema peke yake, akagonga tofali zikaporomoka.

Alipogeuka akamwona mdogo wake amesimama penye uwazi wa mlango.

"Pole, kaka," mdogo wake akasema. "Fundi mwingine angeuacha hivyohivyo. Ndiyo maana nilitaka damu yangu ndiyo inijengee." Akamkabidhi malipo ya siku zake za wiki ile.

Fundi akashangaa. Juzi tu mdogo wake alilalamika kwamba ameishiwa.

"Umezitoa wapi?"

"Nimeuza mabati. Usijali, tutahamia hivyohivyo, tutafunika turubai. Siwezi kukudhulumu, na unavyohangaika na ukuta wangu."

Uso ukamwaka fundi. Aibu ikamshika, akatamani ardhi ipasuke immeze. Angeweza kunyamaza, nani angejua? Lakini zile noti zilikuwa bado na unyevu wa mikono ya kufulia, na hakuweza kuzitia mfukoni.

"Ukuta ulikuwa umenyooka," akasema, macho chini. "Nimebomoa ili kesho nipate kazi. Na si leo tu, kazi nimeivuta tangu mwanzo."

Mdogo wake akazitazama tofali zilizovunjika, kisha akamtazama yeye.

"Ingekuwa nyumba ya mtu baki, ungebomoa?"

Fundi alitaka kudanganya, ulimi ukagoma.

"Nisingethubutu. Mtu baki angeleta fundi mwingine akague. Wewe uliniamini."

Akamnyooshea zile hela. Mdogo wake akausukuma mkono wake, polepole tu, bila hasira.

"Kaa nazo, kaka. Umeshinda hapa juani, ni zako. Ila kesho usije. Nitatafuta mtu baki."