Chupa ya Kumi na Nane

Kazi yake pale kliniki ilikuwa kugawa chupa za vidonge kwa wazee waliokubali kujaribiwa dawa. Ndani ya vidonge mlikuwa na flavonoidi, vile viini vinavyoyapa maganda ya vitunguu rangi yake. Daktari alitaka kujua kama vinaweza kupunguza usahaulifu na huzuni. Kwa panya vilileta matumaini. Kwa binadamu hakuna aliyejua. Ndiyo maana nusu ya wazee walipewa wanga mtupu, chupa zikawa na namba tu, na hata daktari hakujua nani kapewa nini.

Mama yake mzazi alikuwa namba kumi na saba.

Siku chupa zilipofika, alijifungia stoo akapasua kidonge cha mama kwenye glasi ya maji. Maji yakawa meupe. Akapasua cha kumi na nane kwenye glasi nyingine. Yakawa ya manjano. Akabandua lebo mbili, akazibadilisha. Dakika tatu tu, na elimu yake yote ikaenda likizo.

Miezi mitatu baadaye, mama alikuwa ameanza tena kutania majirani. Na namba kumi na nane, fundi cherehani mstaafu, akaja kliniki akishikwa mkono na mkewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Koti hilo kakushonea nani? Mabega yamenuniana."

"Kasoro za koti anaziona," mkewe alisema, "lakini mkasi anauweka kwenye friji." Kisha akashusha sauti. "Siku hizi analia, dada. Ukimuuliza, hajui analilia nini. Labda tumwongezee vidonge?"

Akajifanya anaisoma lebo ya chupa.

"Usimsumbue mtoto wa watu," mzee alisema. "Huyu ndiye anayetuhangaikia."

Hapo miguu ikampeleka yenyewe kwa daktari, akamwaga kila kitu. Daktari alivua miwani.

"Kwa hiyo mzee kazidiwa kwa sababu yangu?" akamuuliza daktari.

"Sijui. Huenda ugonjwa umefuata njia yake. Huenda mama yako kachangamka kwa sababu unakaa naye kila asubuhi. Hicho ndicho tulichokuwa tunataka kujua. Sasa wote wawili wanatoka kwenye jaribio. Nipe ufunguo wa stoo, halafu twende ukamwambie mke wa fundi."

Mke wa fundi alisikiliza hadi mwisho. Hakumtukana. Alimfunga mumewe kifungo cha shati, wakaondoka. Afadhali angetukana.

Nyumbani, mama alikuwa anangoja. "Kidonge changu kiko wapi?"

"Hakuna tena, mama. Kilikuwa cha mwenzako. Nilimnyang'anya nikakupa wewe."

"Mgonjwa mwenzangu?"

"Ndiyo."

"Nani kakulea hivyo?"

"Wewe."

"Basi nilikulea vibaya." Alisema bila mzaha hata chembe, na kwa mwanamke aliyezoea kuchekesha watu hadi msibani, maneno hayo yaliuma kuliko kofi.

Asubuhi yake mama alikaa mezani na glasi yake ya maji, uso mkunjufu, hakumbuki lolote.

"We bosi wa vidonge, leo umenisahau?"

Angeweza kumwambia vimeisha. Mama angeamini, wangecheka, siku ingepita. Akavuta kiti, akakaa, akaanza kumweleza upya tangu siku chupa zilipofika.