Usukani wa Dada Kona

Fundi wa friji hakuwa mtu wa kuuliza. Ukimpelekea friji ukamwambia mlango haufungi vizuri, unarudi na kukuta kabadilisha mlango, kang'oa rafu uliyoizoea na kuipaka friji rangi ambayo hukuitaka. Yeye kasimama pembeni, mikono kiunoni, anasubiri umsifu. Wengi walimsifu, maana friji ilikuwa inagandisha kweli. Wachache walinung'unika, na hao aliwaita watu wasio na shukrani.

Mtu pekee aliyeweza kumwambia "kaa chini" akakaa alikuwa dada yake mkubwa. Mtaani walimwita Kona.

Jina hilo lilitoka mbali. Walipokuwa vijana, ndugu hao wawili walikuwa na gari moja la mashindano la kuendeshwa kwa rimoti. Hawakulinunua dukani. Waliliunga kwa vipande vya magari ya watu, tairi hapa, mota pale, kama mtu anayeshona shuka kwa vitambaa vilivyobaki. Yeye alikuwa fundi na dada alikuwa dereva. Mbio zilifanyika kwenye uwanja wa simenti nyuma ya ghala la magunia, njia imechorwa kwa chaki na matairi mabovu yamepangwa kwenye kona. Dada alikuwa mshonaji, msichana mwembamba aliyeshika rimoti kifuani kama ameshika mtoto mchanga. Wanaume walimcheka kabla ya mbio, wakanyamaza baada ya mbio. Kwenye mstari ulionyooka waliweza kumfikia. Kwenye kona hakuna aliyemgusa.

Sasa Kona alikuwa mtu mzima, na mikono ilikuwa imeanza kumtetemeka. Ilianza kwenye kidole gumba kimoja, ikahamia kiganjani, na mwishowe sindano ikawa haitungiki. Cherehani akaifunika kwa kitambaa. Hospitali walimpa dawa. Akishaimeza, mikono hutulia kwa muda, kisha huanza tena.

Siku moja alimpigia simu mdogo wake karakana.

"Mdogo wangu, hivi ile gari yetu bado unayo?"

"Iko juu ya kabati, imekula vumbi mpaka imeshiba. Ya nini?"

"Nasikia wale wa zamani wanakutana tena kule ghalani, Jumapili ya mwisho wa mwezi."

"Wa zamani gani? Kinyozi na kile kitambi chake?"

"Huyohuyo. Nataka nimpige kona mara moja tu kabla mikono haijanikataa kabisa. Daktari hanifichi. Dawa inanipa nafasi fupi, na hiyo nafasi inazidi kufupika."

Fundi alitazama bisibisi iliyokuwa mkononi mwake kama vile imebadilika kuwa kitu kingine.

"Utaendesha," alisema. "Nalifumua lote, nalijenga upya."

"Sawa, ila sikiliza. Usiiguse sana. Pale kwenye usukani kuna—"

"Dada! Fundi nani hapa? Wewe njoo na mikono yako tu, mengine niachie."

"Nakwambia hivi, ule usukani wake—"

"Najua ni mbovu, nitautengeneza. Tulia. Nitakushangaza."

Kona akacheka, cheko la mtu aliyezoea kukatizwa na mtu anayempenda. "Haya, mkaidi wangu. Nishangaze."

Gari liliposhushwa kabatini lilitia huruma. Skrubu zilishikwa na kutu, akazipasha moto kwa chuma cha kulehemu ndipo zikakubali kuzunguka. Beringi alizilaza kwenye mafuta ya taa, akazisugua kwa mswaki uliokwisha kazi. Betri aliiunga kwa seli za kompyuta iliyotupwa. Mota ilikuwa imeungua, akapata nyingine kwenye gari bovu aliloliomba kwa jirani. Shokapu zilikuwa kavu, akazijaza mafuta ya cherehani aliyopewa na Kona miaka ya nyuma, na jambo hilo lilimfurahisha asijue kwa nini. Mkono mmoja wa mbele, unaoshika gurudumu, ulikuwa umevunjika. Alitafuta plastiki ngumu nyumba nzima, akaipata.

"Ubao wangu wa kukatia vitunguu uko wapi?" mkewe aliuliza kutoka jikoni.

"Umepanda cheo. Sasa ni mkono wa mbele wa gari."

"Na mimi nikatie wapi vitunguu, kichwani kwako?"

Alipomaliza mengine aliwasha rimoti ya zamani kujaribu usukani. Alisukuma kijiti kushoto, magurudumu yakakata kulia. Akasukuma kulia, yakaenda kushoto. Alicheka peke yake. "Tazama, hata usukani umechanganyikiwa kwa uzee."

Hapo ndipo alipoamua kufungua mfuko. Kitu kipya alichonunua kilikuwa kimoja: rimoti ya kisasa pamoja na mota yake ndogo ya kugeuzia magurudumu. Ile mota ya zamani aliitupa kwenye kopo la chuma chakavu, na ile rimoti iliyosuguliwa na vidole mpaka ikang'aa akaitupia humohumo. Alifunga ile mpya, akajaribu kwenye baraza. Kushoto ikawa kushoto, kulia ikawa kulia. Gari lilikwenda limenyooka kama uzi.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni. "Umemuuliza mwenyewe kama anataka rimoti mpya?"

"Nani anakataa kipya?"

"Mimi. Ulinibadilishia jiko bila kuniuliza, mpaka leo naunguza chakula."

Fundi alitia pamba masikioni, akaendelea kung'arisha bodi ya gari.

Jumapili ilipofika, Kona alikuja ghalani amevaa viatu vya raba na kujitanda khanga yake nzuri, utadhani anakwenda harusini na mazoezini kwa safari moja. Simenti ilikuwa imepasuka na majani yameota kwenye nyufa, lakini njia ilikuwa imechorwa upya na matairi yamepangwa palepale. Kinyozi alimpokea kwa mikono miwili.

"Kona! Karibu. Nimekuja na gari langu, na leso ya kukufutia machozi."

"Leso baki nayo, shemeji. Naona kitambi kinatoka jasho."

Watu waliangua kicheko. Kona akameza dawa yake kwa maji, akakaa juu ya tairi akasubiri. Baada ya muda alinyoosha mikono mbele yake. Ilikuwa imetulia. Aliitazama kama anayewatazama wageni waliokuja bila mizigo, wasiokusudia kulala.

Mdogo wake akamletea gari. Aliligeuzageuza, akapapasa ule mkono wa ubao wa jikoni, akatabasamu. "Umefanya kazi." Kisha akatazama rimoti. "Yetu iko wapi?"

"Ile ilichoka, dada. Hii ni ya kisasa."

Kona aliipima uzito mkononi. "Basi ngoja niijaribu kwanza."

"Hapana, nimeshajaribu mimi. Tusichezee muda wa dawa. Lipange mstarini."

Alisema hivyo kwa mapenzi, na baadaye hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Kama angekuwa amesema kwa kiburi, angalau angepata pa kutupia lawama.

Kitambaa cha kuanzisha mbio kikashushwa. Gari la Kona lilichomoka kama limetukanwa. Kwenye mstari ulionyooka lilimpita Kinyozi, watu wakapiga kelele, na fundi akajikuta anarukaruka kama mtoto. Kona ya kwanza ilikuwa ya kushoto. Kidole gumba cha dada kilisogea bila papara, kilivyosogea kwenye kona ile mamia ya mara. Gari likakata kulia kwa kasi yote, likatoka nje ya chaki, likajibamiza kwenye ukuta wa ghala. Gurudumu moja likaviringika peke yake mpaka miguuni mwa watu.

Fundi alikimbia, akaliokota gari, akarudi akihema. Kona alikuwa bado amesimama, kidole kimekandamiza kijiti.

"Umeunyoosha," alisema.

"Nini?"

"Usukani. Umeunyoosha."

"Dada, ule wa zamani ulikuwa unakata kiny—"

Hapo ndipo alipokumbuka, na alikumbuka yote kwa mkupuo. Ile mota ya usukani waliichomoa kwenye gari bovu la mchezo, na walipoifunga ikageuza magurudumu kinyume. Rimoti yao haikuwa na swichi ya kulirekebisha hilo. Hawakuwa na uwezo wa kupata nyingine, na mbio zilikuwa kesho yake. Yeye alikaa chini karibu alie. Dada ndiye aliyechukua rimoti akasema, "Niachie. Nitakata kinyume mpaka vidole vizoee." Akalizungusha gari nyuma ya ghala mchana kutwa, peke yake, huku yeye amelala kivulini. Ushindi wote ule, jina lote lile, dada alivipata akiendesha kinyume kwa ajili ya kosa ambalo fundi hakuweza kulitengeneza. Kwenye vidole vya dada jambo hilo lilikaa. Kichwani mwake yeye halikuacha hata alama.

Kinyozi alikuwa amesogea na kusikia. Alivua kofia. "Kumbe miaka yote ulikuwa unatupiga kinyumenyume?"

"Hamkuuliza," Kona akamjibu, na watu wakacheka kidogo, kisha wakaacha.

Kwenye rimoti mpya kulikuwa na swichi ndogo ya kugeuza usukani, ya kusukumwa kwa ukucha. Fundi aliisukuma. Kazi nzima ilikuwa hiyo. Lakini ekseli ilikuwa imepinda na gurudumu halikai. Alipiga magoti kwenye simenti, akanyoosha, akafunga, skrubu ikamponyoka, akaitafuta kwenye majani. Kinyozi aliwaambia wenzake wazime magari wasubiri, nao wakasubiri bila mtu kulalamika. Fundi aliona afadhali wangelalamika.

Alipoinua kichwa kusema limepona, dada alikuwa ameibana mikono yake kwapani. Alipokea rimoti hata hivyo. Gari liliondoka likiyumba huku na huko kama mlevi anayetafuta mlango wake, likasimama kabla ya kona. Kona akaiweka rimoti juu ya tairi, taratibu.

"Basi."

"Meza nyingine, dada. Tutasubiri."

"Dawa si pipi."

"Basi mwezi ujao. Mwezi ujao mapema kabisa, nitakufuata mwenyewe."

Walipokuwa wanatoka ndipo Kona akasema, "Pale mwanzo lilikimbia vizuri. Uliona lilivyompita?"

"Niliona."

"Nilitaka kukwambia kwenye simu."

"Najua."

"Hujui. Ungejua ungeniacha nimalize."

Mwezi uliofuata Kona hakuweza kuja, wala ule mwingine. Ile rimoti ya zamani fundi aliitafuta kwenye kopo la chuma chakavu, akakuta mnunuzi wa vyuma alishapita na kubeba kila kitu. Gari lilibaki karakana, juu ya meza, swichi imesukumwa upande wa dada. Kazi ikipungua alilishusha sakafuni akajaribu kuliendesha hivyohivyo, kinyume. Kila mara liligonga friji ya mtu.

"Fundi, gari lako bovu," mteja mmoja alimwambia. "Usukani umekaa vibaya."

"Haujakaa vibaya. Ni wa dada yangu." Kisha akaitazama friji aliyoletewa. "Hii unataka niifanye nini hasa?"

Mteja alishangaa. "Si wewe ndiye fundi? Fanya unavyoona."

Fundi alisimama pale, hajui pa kuanzia.

Mteja alipoondoka, alimpigia dada simu. Ilichukua muda kupokewa. Upande wa pili alisikia kitu kinagongagonga, tik tik tik, akatambua kuwa ni simu inayogonga hereni ya Kona.

"Dada, ile kona ya kushoto. Ulikuwa unaanza kukata wapi?"

"Unataka kujua kweli, au unataka kuniambia?"

"Nataka kujua."

Kona akaanza kueleza, polepole, tairi moja baada ya jingine. Katikati alisimama kuvuta pumzi. Fundi tayari alikuwa na la kusema, limemfika kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza. Akashika rimoti, akasubiri dada amalize.